Taa ya Kushoto ya Bediako

Haya yalimkuta rafiki yangu Bediako, fundi wa magari pale Suame, mtaa wa magereji mjini Kumasi, Ghana. Jioni moja alikuwa akijiandaa kumpeleka mama yake hospitali kesho yake asubuhi kupitia barabara yenye ukungu, na taa za gari lake kuukuu zilikuwa zimefifia. Jioni ile mvua ilinyesha, umeme ukakatika. Akawasha tochi gerejini, akaifungua taa ya kushoto, akachomoa waya na balbu, akaiweka taa mezani na kukisugua kioo chake kwa dawa ya meno ili king'ae. Nje ikang'aa. Ndani, kioo kikabaki na ukungu.

"Serwaa, niletee kitambaa kingine," akamwita mkewe.

"Kwani hicho hakifuti?"

"Kinafuta. Ukungu unarudi."

"Si mvua hii, Baba Afriyie?"

"Mvua gani inapumua? Hebu sikiliza."

Wakatega masikio. Pumzi ndogo ilitoka mezani, kama ya mtu aliyelala. Kila iliposikika, kioo kiliingia ukungu, kisha kikawa safi tena. Bediako akaziba tundu la balbu kwa kiganja. Hewa ya moto ikampuliza, halafu ikamvuta ndani ya taa, mkono kwanza, hadi akatoweka wote.

Asubuhi Serwaa alimpeleka mama mkwe hospitali kwa teksi. Gereji haijafunguliwa tangu siku ile, na Serwaa anasema akipita mlangoni sasa anasikia pumzi mbili.