Kikombe cha Dirishani

Asubuhi ile mama alimimina api, uji wetu wa mahindi ya zambarau, katika vikombe vitatu, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Kikombe cha tatu alikiweka dirishani pamoja na mkate, akatoka kwenda kuchota maji. Sikuuliza ni cha nani. Nilikuwa na daftari mkononi nikikariri, na kwa baridi ya milima yetu uji wa moto hauachwi upoe bure. Nikaunywa wote.

Shuleni kwetu, kwenye mgodi wa bati wa Kala Pata, kila siku ilianza na swali. Tulipanga mistari uwanjani, na Mwalimu Erlinda alitoka ofisini na kalenda yake ya kuchana, ile yenye karatasi moja kwa kila siku. Nyuma ya karatasi paliandikwa jambo lililotokea tarehe hiyo, zamani, mahali fulani duniani. Alichana, akasoma kimya, kisha akauliza, "Siku kama ya leo..." Wa kwanza kujibu sawasawa alipata nyota. Mwenye nyota nyingi mwisho wa Oktoba ndiye angebeba bendera kwenye maandamano ya sikukuu ya tarehe kumi Novemba, mji mzima ukitazama.

Niliitaka bendera ile mpaka nikaiota. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kubeba kitu mbele za watu, ila mawe na ufagio.

Fabiola Colque ndiye aliyekuwa mbele yangu kwa nyota. Kila alasiri alikwenda maktaba ya chama cha wachimbaji, chumba kimoja chenye vumbi jingi, akasoma mpaka akaambiwa atoke wafunge. Mimi nilikuwa na njia ya mkato. Mama alikuwa mfagiaji wa shule, na ufunguo mmoja wa geti na ofisi ulikuwa shingoni mwake mwaka wa tisa sasa. Nilipomsaidia kufagia, niliinua karatasi ya kesho nikachungulia nyuma yake.

Nikaanza kushinda. Nilijua chombo cha kwanza kurushwa angani kilirushwa lini, nikajua na wafalme waliofia vitani. Wilber, mchokozi wa darasa letu, alisema, "Nelida, wewe hukuzaliwa, ulichapishwa." Wote wakacheka, nami nikacheka kuliko wote.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Siku moja niliamua kunakili mwezi wote kwa mara moja, nisihangaike tena. Nilipozivuta karatasi, pini iliachia na nusu ya Oktoba ikanibaki mkononi. Nikazinakili haraka, nikazisukuma ndani, nikafunga mlango.

Kesho yake Mwalimu Erlinda alimwita mama ofisini. Nilikuwa mlangoni nimeshika beleshi la takataka.

"Bi Primitiva, kuna mtu anaifungua kalenda yangu. Na ufunguo wa hapa tunao wawili, mimi na wewe."

"Mwalimu, mimi hata kusoma kwenyewe nasoma kwa kubabaisha. Kalenda ya nini?"

"Sijasema ni wewe. Ila naomba ufunguo, mpaka nijue."

Mama aliivua kamba shingoni. Ilinasa kwenye msuko wa nywele zake, akawa anainasua taratibu, hamtazami mtu. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikatazama takataka.

Tangu siku ile mama alisimama getini na ufagio wake alfajiri, umande umeganda kuwa barafu, akimngoja mwalimu aje afungue. Wapita njia walimsalimia na kumuuliza kulikoni. Aliwaambia ufunguo umepelekwa kuchongwa mwingine. Mama yangu, ambaye hakuwahi kudanganya hata kwenye mizani ya viazi, alidanganya kwa aibu isiyokuwa yake. Na mimi niliendelea kujibu, nikampita Fabiola kwa nyota moja.

Basi, turudi kwenye asubuhi ya kikombe cha tatu. Ilikuwa tarehe ishirini na moja. Mwalimu Erlinda alitoka ofisini mikono mitupu, nami sikuliona hilo.

"Siku kama ya leo..." akaanza. Mkono wangu ulikwisha kuwa juu, kama kawaida yangu. Akanitazama kidogo. "Haya, Nelida."

"Mwaka elfu moja mia nane na tano, meli za Waingereza ziliwashinda Wafaransa na Wahispania katika vita vya Trafalgar."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Sikuwa nimemaliza swali," mwalimu alisema. "Siku kama ya leo, miaka kumi na sita iliyopita, ilitokea nini hapa Kala Pata?"

Fabiola alinyosha mkono polepole. Alisema handaki la chini liliporomoka, wakafa wachimbaji kumi na mmoja. Mwalimu akamuuliza kama anawajua. Fabiola akawataja mmoja mmoja, kwa sauti ndogo. Wa tano alikuwa Fortunato Mamani, baba yake mama.

Mama alikuwa amesimama ukutani na ufagio. Nilijua babu alifia mgodini, lakini sikuwahi kuuliza siku. Hapo ndipo nilipojua nimekunywa kikombe cha nani: mama alimwekea babu, siku yake.

Nilitoka mstarini. "Ni mimi niliyefungua kalenda, mwalimu," nilisema. "Mama hajui lolote."

Nyota zangu zilifutwa zote, na bendera akapewa Fabiola, kwa haki yake. Mwalimu Erlinda alivuka uwanja, akamkabidhi mama ufunguo kwa mikono miwili, akamwomba radhi mbele yetu sote. Mama aliupokea. Hakuuvaa shingoni, aliutia mfuko wa aproni.

Nyumbani nilingoja kupigwa, na ningeona nafuu. Mama aliketi tu.

"Nimesimama getini siku tisa kwa ajili ya nyota zako," alisema. "Mwanangu, anayedanganya ashinde hujiona mjanja kwa sababu kuna mwingine anayebeba aibu. Umeulizwa maswali mangapi mwezi huu? Moja tu ulilijua kweli, bila kuchungulia. Nani kaifungua kalenda. Uliona navua ufunguo, na hilo hukulinyoshea mkono."

Mama aliosha kikombe cha babu, akamimina api iliyobaki, haikufika hata nusu, akakirudisha dirishani. Nilikaa karibu nacho mpaka kikapoa.