Aliyekwenda Maji Haitwi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima Verediana alipotoka dukani kwa Teddy na kifuko cha dagaa mkononi. Dagaa hao hawakuwa wa mboga. Walikuwa wa paka.

Mtu wa Kanazi, kijijini kwao, akisikia hivyo atacheka, na Verediana asingemlaumu. Pale paka hana makuu. Hana jina, hana sahani yake. Akikamata panya anasifiwa, akidokoa samaki anafukuzwa kwa mwiko, akipotea anatafutwa mwingine. Asubuhi ile Verediana alikuwa ameandika kwenye kundi la simu la jumuiya yao: "Wapendwa, aliyeona paka wa kijivu, sikio la kushoto limechanika, anijulishe." Wapendwa wakajibu kwa vikaragosi vya kucheka. Mmoja akauliza kama huyo paka ameshapata kipaimara.

Aliirudisha simu mfukoni. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Nyumbani, juu ya mkeka, binti yake Bukuru alikuwa amelala kifudifudi kwa siku ya tatu. Mtoto wa miaka mitano na nusu. Uji alikuwa anautema, ndizi anazigeuzia kisogo, na kwa kubembelezwa sana alimeza vijiko viwili vitatu vya maji. Muuguzi wa zahanati alimpima malaria, hana. Akampima na mengine, hana. "Mtoto haumwi, mama," alisema. "Ila asipokula mpaka kesho tutamwandikia rufaa aende wilayani. Mwili wake hauna akiba." Verediana aliijua rufaa. Miezi mitano nyuma pacha wake Bukuru, Butoyi, alikwenda wilayani kwa rufaa akarudi amefungwa kwenye khanga.

Wiki ile ya msiba Bukuru aligoma kula vilevile. Kisha akatokea paka. Wapi alikotoka hakuna aliyejua. Aliingia ndani akajilaza mkekani upande wa Butoyi. Bukuru akamtazama, akamgusa sikio, akasema, "Butoyi huyu." Na jioni ile akala. Sasa wewe ungekuwa mama yake ungefanyaje? Verediana alimwacha aite hivyo. Tangu hapo mtoto na paka wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, na paka akazoea kuitikia jina hilo na hilo tu. Ukimwita nyau-nyau anakutazama kama umemtukana.

Lakini pale kuna neno la wazee. Pacha hasemwi amekufa. Husemwa amekwenda maji, kama aliyetumwa kuteka kisimani. Na aliyekwenda maji haitwi jina jua likishazama, mpaka mwenzake aliyebaki ang'oe jino lake la kwanza. Bibi Febronia, mkunga aliyewapokea mapacha wale, alimnong'oneza Verediana hayo migombani kando ya kaburi, padri alipokwisha kuondoka. Verediana aliitika. Wala sheria hiyo haikumsumbua, kwa sababu kila jua lilipozama paka alikuwa yuko ndani tayari.

Sasa hakuwa ndani. Siku tatu Verediana aliita mchana kutwa mpaka koo likakauka, wapi! Kila mtu alimwambia paka hutembea giza likiingia. Mumewe Danstan alikuwa Nyamahanga, Biharamulo, kwenye shamba la kukodi, na simu yake haikupatikana. Basi alimfunika Bukuru blanketi, akafunga mlango kwa kufuli la nje, akatia ufunguo kifuani. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Giza likaingia.

Alianza kwa Eustakia, jirani wa kwanza. Alisimama nje ya ua wa minyaa, akatikisa kifuko cha dagaa.

"Butoyi... Butoyi!"

Ndani kulikuwa na watu wanaongea. Wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Mama Bukuru," sauti ya Eustakia ilitoka nyuma ya mlango, chini chini. "Unaita nini saa hizi?"

"Paka, dada. Hamjamwona?"

"Mwite kesho."

Komeo likasukumwa.

Kwa Gozbert angalau mlango ulifunguka. Gozbert alikuwa mtu wa pombe ya ndizi, mpole, asiye na neno na mtu. Alitoka akasimama akiwa ameshika fremu ya mlango, kama asiyetaka kuvuka kizingiti.

"Sijamwona, shemeji. Juma zima nimeshinda na ndizi zangu, sijaona hata kivuli cha paka." Akatazama gizani nyuma ya Verediana. "Uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Haya. Rudi nyumbani, shemeji. Mtoto mgonjwa haachwi peke yake."

Kweli tupu, nayo ilimchoma. Lakini akirudi mikono mitupu amwambie nini mtoto? Akaenda nyumba ya tatu, ya nne. Kila alipoita jina, taa ilizimwa. Watu waliokuja kumlilia mtoto, waliobeba jeneza lake begani, walimfungia milango kama mwizi. Alilia akitembea, akaita akilia, na hakuona haya tena.

Alimkuta Bibi Febronia kibarazani, ameketi kwenye kigoda, rozari mkononi. Kibatari kilikuwa miguuni pake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimekusikia tangu kwa Eustakia." Bibi hakuinua macho. "Umeita mara ngapi?"

"Sijahesabu, bibi. Namwita paka."

"Wewe unamwita paka. Anayesikia anajuaje?"

Verediana aligeuka akatazama njia aliyotoka.

"Umeitikiwa?"

"Bado."

"Basi nenda kimya. Ukiitikiwa, usigeuke, usijibu. Nenda kwako ufunge."

"Na Bukuru, bibi? Kesho atakula nini? Nimzike na yeye?"

  Bibi Febronia akainama akakipuliza kibatari, kikazimika.

Verediana alishika njia ya mkato inayopita migombani. Mwanga wa simu yake ulikuwa dhaifu, betri imebaki kidogo. Majani makavu yalikwaruzana juu ya kichwa chake. Alijiambia hataita tena. Akatembea hatua kumi bila kuita. Hatua ishirini. Kisha akaona tena ile mifupa ya bega la Bukuru inavyotokeza chini ya gauni, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Butoyi..."

"Abee."

Alisimama.

Sauti ilikuwa ya mtoto. Karibu. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba Bukuru amemfuata, maana hata mchana sauti za wale mapacha hakuweza kuzitenganisha. Akatia mkono kifuani. Ufunguo ulikuwepo.

Bukuru alikuwa amefungiwa ndani.

Kisha akasikia... kwabu. Kimya. Kwabu. Mlio wa maji ndani ya dumu dogo, dumu linalobebwa na mtu asiyeliweza, anayelitua na kulinyanyua. Ulikuwa mwezi wa nane, ardhi imepasuka kwa kiangazi, lakini harufu ya tope la bondeni ilimjaa puani mpaka akahisi ladha yake.

Hakugeuka. Miguu ilikataa kwenda mbele pia.

Hapo mbele yake paka akalia.

Alikuwa ameketi katikati ya njia, macho yanang'aa kwenye mwanga wa simu. Wa kijivu. Sikio la kushoto limechanika. Verediana hakuuliza, hakufikiri. Alimrukia, akamkumbatia kifuani. Paka alikuwa amelowa chapachapa, na baridi yake ilikuwa ya jiwe la kisimani. Dagaa walimwagika chini, paka wala hakuwanusa.

Verediana akakimbia. Nyuma yake, kwabu, kwabu, kwabu. Haikumkaribia, haikuachwa.

Alifika mlangoni, ufunguo ukakosa tundu mara mbili. Akafungua, akaingia, akasukuma komeo, akaegemea ubao kwa mgongo wake wote. Bukuru aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza katika siku tatu, aliinua kichwa na kunyoosha mikono. Paka akashuka, akapita chini ya blanketi, akapotea humo.

Nje, kitu kizito kikatuliwa kizingitini.

"Mama."

Verediana aliziba mdomo wake kwa kiganja.

"Mama, nimeleta maji."

"Mfungulie, mama," alisema Bukuru kutoka mkekani, bila woga wowote. "Dumu zito hilo."

Mkono wa Verediana ulikwenda kwenye komeo. Baadaye alipokumbuka, hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote: hakuogopa. Alitamani. Miezi mitano alipiga magoti akiomba asikie sauti ile mara moja tu, na sasa ilikuwa nyuma ya ubao wa unene wa vidole viwili, imechoka, inamwita mama. Nani angemfungulia kama si yeye? Alivuta komeo robo. Likalia.

Kisha akamtazama Bukuru. Shingo yake imekuwa nyembamba, macho makubwa kuliko uso. Huyu ndiye aliyebaki. Na mtu mwenye mkono mmoja hawezi kushika watoto wawili wanaokwenda njia mbili.

Akalirudisha komeo. Akaweka paji la uso wake juu ya mlango.

"Rudi, mwanangu," akanong'ona. "Hatuna kiu."

Mtu wa nje akavuta makamasi, kama mtoto aliyetoka kulia.

"Ni mengi, mama."

"Hatuna kiu."

Aliposema mara ya pili aliuma khanga yake isije sauti yake ikasikika inavunjika. Alikaa hivyo hadi akasikia dumu likinyanyuliwa. Kwabu. Likatuliwa. Likanyanyuliwa. Kwabu. Likaenda polepole kuteremka migombani, likipumzika kila hatua chache, na kila lilipopumzika moyo wa Verediana ulitaka kutoka kwenda kulipokea. Hakutoka. Alikaa sakafuni mgongo mlangoni mpaka majogoo walipowika.

Kulipopambazuka kuna aliyepiga hodi. Alikuwa Gozbert, ana kiroba mkononi. Alikuwa amesimama pembeni, anakwepa kukanyaga kizingiti, na Verediana alipotazama chini aliona sababu. Kwenye vumbi kavu palikuwa na duara bichi la kitako cha dumu.

"Pole, shemeji," Gozbert alisema. "Ni kosa langu, nimekuja kulisema mwenyewe. Siku nne zilizopita nilivumbika ndizi. Nikawasha moto shimoni lipate joto, nikapanga ndizi, nikafunika majani na udongo kama siku zote, nikaacha moshi ufanye kazi. Leo asubuhi nimefunua." Akafungua mdomo wa kiroba. "Aliingia kufuata joto, nadhani. Sikumwona. Wallahi... kwa jina la Yezu, sikumwona."

Alikuwa paka wa kijivu. Manyoya yake yalikuwa makavu, yananuka moshi na ndizi mbivu. Amekwishakakamaa. Sikio la kushoto limechanika.

Verediana alinyoosha kidole, akaligusa lile sikio.

Kutoka ndani, chini ya blanketi, paka akalia.

Gozbert aliinua macho. "Shemeji... ndani kuna nini?"

"Paka wetu," Verediana alisema. "Alirudi jana."

"Na huyu?"

"Huyu simjui. Kamfukie."

Gozbert alilitazama tena lile sikio, akamtazama yeye. Kisha akakifunga kiroba mafundo mawili, akaondoka bila kuaga, na alipofika njia kuu Verediana alimwona anapiga ishara ya msalaba.

Hapo ndipo fikra ilipomjia, na ilimjia nzima. Usiku kucha alikuwa ameulinda mlango. Lakini alichokiokota njiani, chenye baridi ya kisimani, alikiingiza mwenyewe, amekikumbatia. Na yule aliyemfukuza, yule aliyeomba kutua mzigo wake mdogo, pengine ndiye hasa aliyekuwa mwanawe. Kama ni hivyo, aliyeko ndani ni nani? Bibi Febronia angejua. Angeweza kwenda kumuuliza sasa hivi, jua limeshatoka. Angeweza pia kuingia, kufunua blanketi, kukitupa nje kile kitu na kufunga mlango. Na Bukuru angegeukia ukuta, na leo hii ingekuja rufaa.

Aliingia. Chumba kilikuwa na giza bado na harufu ya tope. Alipita kando ya mkeka akitazama mbele, akachuchumaa kwenye mafiga, akapanga kuni.

"Mama," ikasema sauti nyuma yake. "Nina njaa."

Siku tatu alikuwa amelisubiri neno hilo. Machozi yalimtoka, akamshukuru Mungu kwa moyo wake wote, akapuliza moto mpaka ukashika. Akabandika sufuria ya uji. Hakugeuka kuangalia ni nani aliyesema.