Ruhusa ya Kumfuata Biddy

Icilma Meade alikuwa akikaanga mikate wakati mumewe, Ethelbert, alipoingia jikoni na kamba begani. Ng'ombe wao wa pekee, Biddy, mwenye mimba pevu, alikuwa ametoroka. Alikuwa ameshukia kusini mwa kisiwa, upande uliofungwa tangu volkano ilipoufukia mji wa Plymouth.

"Utapitaje na polisi wapo getini?" Icilma aliuliza.

"Nina ruhusa. Jana baada ya ibada nilimwambia Cleophas. Akasema, 'Hakuna shida, binamu.'"

Cleophas alikuwa waziri. Montserrat ni kisiwa kidogo cha Karibiani kilicho chini ya Uingereza. Kila mpiga kura huchagua hadi wagombea tisa, na hakosi ndugu miongoni mwao. Basi watu huwapelekea mawaziri shida zao mlangoni pa kanisa, wakaenda zao mioyo imetulia.

Getini, Sajenti Verna Sweeney alisimamisha pikapu ya Ethelbert.

"Ruhusa, Mzee Meade?"

"Waziri amenipa."

"Waziri hana ruhusa ya kukupa."

Ethelbert alicheka. "Verna, nilikufundisha shule ya Jumapili. Leo unanifundisha serikali?"

"Ndiyo, mwalimu. Na ukivuka, nakukamata."

Ethelbert alizima injini, akashuka.

"Sikiliza," Verna alisema. "Tunachagua wajumbe tisa wa Bunge. Miongoni mwao hutoka Waziri Mkuu na mawaziri. Hao wanashughulikia shule, zahanati, barabara na kilimo. Gavana hatumchagui. Anateuliwa na Mfalme wa Uingereza. Polisi, ulinzi na mambo ya nje yako chini yake. Hata wajumbe wakipitisha sheria, haianzi kazi mpaka Gavana airidhie kwa jina la Mfalme."

"Wee! Sheria yetu wenyewe?"

"Yetu wenyewe."

Ethelbert aligonga mlango wa gari kwa kiganja. "Nimepiga kura tangu ujana. Kumbe nilikuwa sijui ninamchagua nani kufanya nini!"

"Sasa unajua. Omba ruhusa kwa mkuu wa polisi. Wapima volkano wataulizwa kwanza, kisha utasindikizwa."

Nyumbani Icilma hakumhurumia. "Binamu yako angekuahidi hata mwezi, ungeleta ngazi!"

Wakaomba ruhusa. Jioni ile mvua kubwa ilinyesha mlimani.

Ruhusa ilipotoka, Verna aliwasindikiza. Ukingoni mwa bonde Ethelbert alisimama kama aliyepigwa na radi. Njia aliyokusudia kupita haikuwapo. Matope ya majivu yaliyoshushwa na mvua yalikuwa yameijaza, na mawe makubwa kama nyumba yamelala juu yake.

"Ningekuwa humo chini," alinong'ona.

Icilma alimshika mkono.

Wakazunguka kwa njia ya juu. Wakamkuta Biddy kwenye majani, akimlamba ndama wake.

Jumapili Cleophas aliwafuata mlangoni pa kanisa, macho yamemtoka. "Binamu, kumbe ulikwenda kweli? Mimi nilisema hakuna shida ili uende ukapumzike!"

"Hiyo 'hakuna shida' yako nusura inizike," Ethelbert alijibu. "Mwenye mamlaka ya getini nimeshamjua. Bomba la zahanati limekauka, na hilo ni lako. Utalitengeneza lini?"

Cleophas alilegeza tai yake.

Jumatatu asubuhi alionekana zahanati, bila tai, akimshikia fundi lile bomba.