Dau la Kipofu Sebuleni kwa Hilari

Severini alimuaga mkewe, Tereza, kwamba anakwenda kununua mafuta ya taa. Chupa aliibeba kweli, maana Tereza alikuwa anamtazama. Lakini mfukoni hakuwa na hela. Alikuwa na kijiti kimoja cha mninga, chenye alama ya mzinga.

Warina asali wa Kabungu, mwaka ule wa tisini na sita, walikuwa na mazoea yao. Mtoto akizaliwa, baba anachonga mzinga na kuupa jina la mtoto. Ukioa, mkeo naye anapata wake. Kila mzinga una kijiti kinachokaa nyumbani, na ukiuza mzinga unakabidhi kijiti. Sasa Jumamosi iliyopita Severini, na utu uzima wake wote, akaenda kukichezea kamari kijiti cha Happiness, binti yake wa miaka sita. Akakipoteza.

Jumapili asubuhi mtoto hakuamka.

Alipumua, ila hakuamka. Zahanati walimtundikia dripu siku mbili, wakakosa la kusema. Leo ilikuwa Ijumaa, na pumzi zilianza kukatika.

Hilari, mwenye nyumba ya mchezo, alifungua mlango kabla Severini hajabisha hodi. Sebuleni koroboi ilishawashwa, na nyuma ya meza alikaa yule aliyemshinda Jumamosi, mnunuzi wa asali, Ambrosi, aliyesema ametokea Ugalla. Hakuna aliyewahi kumwona akinunua hata chupa moja. Alinuka moshi wa kurinia, na chini ya moshi kulikuwa na harufu nyingine, ya kitu kilichooza kwenye utamu.

"Nataka kijiti cha mwanangu," Severini alisema.

"Kaa ucheze," Ambrosi alinong'ona. "Dau la kipofu ni lako."

Mchezo wenyewe ni poka, uliletwa na dereva mmoja wa malori. Kila karata zikigawiwa, mchezaji mmoja lazima aweke dau kubwa kabla hajaona karata zake, ndiyo maana waliliita la kipofu. Mwenzako akipandisha, una mawili tu: utie zaidi ulilinde dau lako, au uache liende. Jumamosi ile Severini aliacha.

Severini akatoa kile kijiti mfukoni, cha mzinga wa Tereza, akakiweka mezani.

Hilari akagawa. Severini akachungulia karata zake mbili: saba ya kopa, mbili ya shupaza. Takataka. Alitamani kulia.

Ambrosi akasukuma vijiti vitatu katikati. Kimoja kilikuwa cha Happiness. Viwili vilikuwa vyeusi, vya zamani, na alama zake hazikuwa za ukoo wowote wa pale.

"Lipia. Au acha."

"Severini, kaka yangu," Hilari alisema bila kuinua macho, "acha. Nenda nyumbani."

Aende nyumbani akamwambie nini Tereza? Na mtoto mwenyewe, atamkuta bado anapumua? Severini akachomoa kijiti kwenye kuni za Hilari, akakikata alama kwa kisu chake. Hakuna mwanamume anayeupa mzinga jina lake mwenyewe, ni mwiko. Yeye akaupa.

"Huyu ni mimi. Sina kingine."

Akakisukuma katikati, kando ya vingine.

Halafu akausikia. Mvumo. Wa nyuki, wengi, na ulitoka ndani ya shati la Ambrosi.

Hilari akafunua karata za mezani, ambazo kila mmoja huziunganisha na zake. Kingi. Tisa. Saba. Nne. Ambrosi akalaza yake: kingi. Jozi ya kingi. Severini akahisi kifua kinabana, hewa haiingii. Hivi ndivyo anavyojisikia mwanangu, aliwaza, na akamwomba Mungu amsamehe.

Karata ya mwisho.

Saba.

Saba tatu, na tatu hushinda jozi. Alizihesabu mara mbili. Akanyakua kijiti cha Happiness, cha Tereza, na chake, akavibana kifuani, akasimama aondoke.

"Chukua vyote," Ambrosi alisema.

"Vile viwili sivijui. Kaa navyo."

"Aliyelinda dau anachukua vyote, ndugu yangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Mimi nimevibeba miaka mingi. Nilivishinda kama wewe."

Hilari akavichukua kwa ncha za vidole, akavitia mfukoni mwa Severini. Mvumo ulikuwa umenyamaza.

Njia nzima Severini alikimbia. Alisikia nyayo nyuma yake, nyepesi kama za watoto, zisizomwacha. Akisimama, zinasimama. Akavitupa vile viwili korongoni, lakini alipofika uani kwake na kutia mkono mfukoni, vilikuwemo, vya moto.

Tereza alimpokea mlangoni analia, na kilio kilikuwa cha furaha. Hakuuliza hata mafuta. Happiness alikuwa amekaa kitandani, bakuli la uji mkononi, mdomo umejaa. Severini akapiga magoti akamkumbatia, akanusa nywele zake, akasema asante, asante, mpaka sauti ikamkauka.

Mtoto alikuwa anatazama mlangoni, juu ya bega la baba yake.

"Baba," alisema, "hawa wenzangu watalala wapi?"