Gato Iliyonuka Chisense

— Kambo, kuya! Kuya unuse! Gato inanuka samaki!

Mujukuu wangu Keren alikuwa amepiga magoti mbele ya mbabula ya makala, kifuniko cha sufuria mukononi, machozi karibu yadondoke. Nikaweka ungo chini, nikainama polepole, magoti yangu si ya jana. Kweli. Gato, ile keki yetu, ilikuwa imepanda vizuri, kahawia kama mukate wa Noeli, lakini harufu! Kama mutu ametwanga chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akawachanganya na sukari.

— Uliosha sufuria?

— Mara mbili, Kambo.

— Na kikopo cha gato?

— Kipya. Nilikipakaa mafuta, nikatandika karatasi ndani, vile ulinionyesha.

— Na muchanga?

Keren akafunika sufuria.

Sisi wa hapa Kashikishi, wengi hatuna furu ya kuokea. Tunamwaga muchanga ndani ya sufuria kubwa, tunaupasha moto, tunaweka vijiwe vitatu, na juu yao kikopo cha gato. Tunafunika. Makala machache chini, mengi juu ya kifuniko. Muchanga unashika moto taratibu, gato haiungui tumbo.

— Muchanga alileta Hénoc, Keren akasema.

Hénoc ni muchumba wake, kijana wa Kilwa, ng'ambo ya Kongo. Anavusha sabuni na samaki kwa bwato ya motere. Keren akamupigia, akaweka sauti kubwa.

— Allô, chérie!

— Hénoc, ule muchanga ulichota wapi?

— Kando ya ziwa! Nilichagua mweupe, mukavu, mulaini. Ya muzuri kabisa!

— Kando ya ziwa wapi?

— Pale… pale bamama banaanikaka chisense.

Nilicheka mpaka kikwembe kikafunguka kiunoni. Samaki wanaanikwa pale masika na kiangazi. Ukiupasha moto ule muchanga, mafuta yao yote yanatoka moshi, na gato inakunywa!

Keren hakucheka. Siku ile ile Tantine Cadette, shangazi ya Hénoc, alikuwa anavuka ziwa. Ndiye aliyemulea Hénoc tangu mama yake afariki, na bila yeye hakuna wa kuketi na sisi kwa maneno ya mahari. Alikuwa amesema kwa telefone, bila kuficha:

"Mutoto wa wauza samaki atamupikia nini mwana wangu? Jessica wa Lubumbashi amesomea gato. Nakuja kuonja ya huyo wenu. Ikinishinda, narudi na Hénoc wangu, na maneno ya ndoa imekwisha."

Telefone ikalia. Messaje: "Chérie, Tantine ameshuka bwato. Tunakuya kwa miguu. Namutembeza njia ndefu. Mungu atusaidie."

— Kambo, nimekwisha! Muchanga safi nitatoa wapi sasa?

— Wewe ni mutoto wa wauza samaki ao hapana? Nyumba yetu ilikosa chumvi siku gani?

Akanitazama. Akakimbia kuburuta gunia la chumvi ya mabonge, ile ya kuwekea samaki. Chumvi inashika moto sawa na muchanga, na yenyewe hainuki kitu.

Tukaosha sufuria, tukatandika chumvi, tukaanza upya.

— Mayai mawili, sukari kikombe kimoja. Piga na uma mpaka iwe nyeupe.

— Mukono unauma, Kambo.

— Ndoa inauma zaidi. Piga! Sasa mafuta nusu kikombe, maziwa ya mugando kikombe kimoja. Unga wa ngano vikombe viwili, na beking pauda vijiko vidogo viwili, chekecha pamoja. Changanya kidogo tu. Ukizidisha, itakuwa kandambili.

Gato ilikuwa bado motoni wakati Tantine Cadette aliingia uani, mwavuli kwapani, Hénoc nyuma yake na mizigo. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwa ile ya kwanza, pale juu ya kiti.

— Ni hii?

Keren angeweza kusema ni ya majirani. Hakusema.

— Hapana, Tantine. Hii niliiharibu. Ingine iko motoni.

Tantine akainama, akanusa.

— Yesu wangu! Hénoc, beba mizigo. Turudi.

Hénoc akaweka mizigo chini.

— Tantine, muchanga nilileta mimi. Kosa ni yangu.

Akakata kipande kikubwa, akatia kinywani. Jicho moja likafumba lenyewe. Akatafuna. Akameza.

— Iko namna gani? Tantine akauliza.

— Iko… iko ya kwetu. Keren, ongeza.

Akala cha pili. Akala cha tatu, jasho kwenye paji la uso.

— Hénoc, ukiwa mutoto, samaki ikinuka kidogo ulikuwa unatupia paka!

— Ndiyo, Tantine.

— Na leo unakula chisense ya sukari?

— Leo amepika Keren.

Mabega ya Tantine yakaanza kutikisika, mwavuli ukaanguka, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipopumua, akavua viatu, akapiga magoti karibu na Keren.

— Usifunue upesi, mama. Ikishuka haipandi tena.

Keren akangoja. Akachoma na ujiti wa ufagio; ujiti ukatoka mukavu. Tantine akala vipande viwili, akaokota hata makombo kwa kidole.

— Jessica atapata wake, akasema. Kambo, tuambieni. Munataka nini kwa mutoto wenu?

— Ya ingine wajomba watasema. Mimi ya kwangu ni moja: mufuko wa muchanga, umeoshwa na mikono ya bwana harusi.

Siku ya ndoa kwaya iliimba, bamama wakapiga vigelegele, na Hénoc akaingia na koti jeupe, mufuko begani. Kabla sijasema neno, Keren akaufungua mbele ya wote, akaingiza pua.

— Hainuki kitu, akasema. Mupokeeni.