Chumvi ya Soudi

Mwanahamisi wa mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu, haonji sombe, mboga ya majani ya muhogo, jikoni bila kumkumbuka kaka yake. Mwaka 1999 vita vilifunga njia, na chumvi ikaisha nyumbani. Soudi alipanda baiskeli kwenda kuitafuta upande wa Lubutu. Hakurudi. Mpaka leo Mwanahamisi ana hamu ya kumwona.

Asubuhi moja redio ya mtaa ilitangaza kwamba mzee Soudi wa Kindu, aliyepotea wakati wa vita, yuko Lubutu na anatafuta watu wake. Mwanahamisi alilia kwa furaha. Alifua shuka, akapaka chumba chokaa. Mume wake, Ayoubu, alimwomba asubiri kidogo. Mwanahamisi alikataa. Wakati wa vita, alisema, redio haikusoma jina la mtu kabla ya kuuliza aliyemwona kwa macho.

Yvette, jirani yao, ndiye aliyesoma habari ile redioni. Alipoona chokaa mbichi, aliingiwa na haya.

"Mama Mwanahamisi, ile habari niliitoa kwenye blogu. Sikupigia muntu simu."

"Sababu gani?"

"Blogu zinatutangulia, tunaogopa kuchelewa. Blogu inatuonyesha pa kuanzia kuuliza. Lakini kuuliza njo kazi yetu. Nilikosa."

Yvette alimwandikia mwenye blogu, akapata namba ya muuguzi anayemtunza mzee huyo Lubutu. Muuguzi akampa mzee simu, na Yvette akamwachia Mwanahamisi aulize.

"Kaka, siku ulitoka Kindu, ulienda kutafuta nini?"

"Dawa ya mutoto wangu, Rachida."

Mwanahamisi alirudisha simu, akakaa chini. Hakuwa Soudi wake. Uchungu ule ulikuwa mkubwa, na sitadanganya kwamba umeisha.

Jioni Yvette alikiri kosa lake redioni, akatangaza kwamba mzee anamtafuta binti yake, Rachida. Jambo la dawa hakulisema. Mwenye blogu akayaandika vilevile. Siku ya tatu mama mmoja alifika redioni, akasema yeye ndiye Rachida. Yvette akamuuliza baba yake alienda kutafuta nini.

"Dawa yangu," Rachida alijibu.

Mzee alirudi Kindu, akalala kwanza katika chumba kile cha chokaa. Siku hizi redio haisomi habari ya blogu kabla ya kupiga simu.

Mwanahamisi naye alipeleka tangazo la Soudi. Yvette aliandika jina, mwaka na baiskeli.

"Ile ya chumvi usiandike," Mwanahamisi alisema. "Mwenye kuitaja, njo kaka yangu."