Kisu Kisichojua Kitunguu

Kwa Makali hununui kisu kabla hujakata nyanya. Ndivyo alivyojiwekea, na wenzake wa soko walimcheka wee mpaka wakachoka. Mwenyewe alikuwa akijibu kwamba kisu ni kama mchumba, usimchukue kwa picha. Meza yake ilikuwa kwenye kona ya wauza vyombo, ubavuni mwa shangazi yake aliyeuza masufuria, na siku hiyo mishahara ilikuwa imetoka, soko limefurika hadi unakanyagwa na mtu usiyemwona.

Ndipo akasimama mbele yake mwanamke wa gauni la zambarau, mikono mirefu mpaka viganjani ingawa jua lilikuwa linawaka, misuko myembamba imekusanywa utosini. Makali alimtazama akasahau chenji ya mtu mkononi.

"Kaka, nataka kisu," mwanamke alisema. "Cha bei nafuu, lakini kisiniangushe."

"Karibu, dada. Unakata nini zaidi? Nyama, mboga, au unakatisha wanaume tamaa?"

Hakucheka. "Kila kitu."

"Basi sikiliza. Usidanganywe na hiki kinachong'aa. Kimeng'arishwa ili kiuzike. Ukikata viazi vya siku mbili kinageuka kijiko. Na kile cha bei mbaya hukihitaji, hupikii harusi. Chukua hiki. Si kizito, si chepesi. Chuma kimepita mpaka mwisho wa mpini, ona misumari hii. Kisu ambacho chuma chake kimeishia njiani, siku utakapokikazia nguvu ndiyo siku kitakapovunjika."

"Kisivunjike," alidakia. "Hicho ndicho ninachotaka. Kisivunjike."

"Hakivunjiki."

"Na mpini ukilowa? Mkono hautateleza?"

"Ukilowa maji? Hautateleza, mti wake mkavu."

"Ukilowa chochote."

Makali alicheka, na baadaye alijilaumu sana kwa kicheko kile. Akamsogezea kibao na nyanya. Mwanamke alikishika kisu kwa ngumi, macho yake yako kwenye njia ya kuingilia sokoni, akakishusha kwa ncha. Nyanya ikapasuka, mbegu zikaruka mpaka kwenye shati la muuzaji.

"Taratibu, mrembo! Nyanya ina kosa gani?"

Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza, na Makali kwisha habari yake. Aliomba namba ya simu kwa kisingizio cha kunoa bure. Kunoa gani huko! Jioni ileile alipiga.

"Kisu chetu kinaendeleaje, laazizi?"

"Hakijambo, kinakusalimu."

"Umekipikia nini leo?"

"Wali."

"Wali haukatwi kwa kisu, wewe!"

"Nilikata kitunguu cha kuutilia, bwana mkaguzi. Unataka nikuletee na maganda?"

Basi wakaendelea hivyo, leo simu, kesho soda, keshokutwa matembezi. Mwanamke alikuwa msusi kwenye saluni nyuma ya stendi, na Makali akawa anapita huko kila afungapo meza. Vidole vya yule mwanamke vilikimbia kwenye nywele za watu kama vina macho yao wenyewe, ila macho yake halisi yalikuwa kwenye kioo, na kioo alikielekeza barabarani. Simu ikiita namba asiyoijua, alimwacha mteja na kichwa nusu akaingia ndani, akarudi na sura nyingine. Ukimuuliza, "Wateja tu, mpenzi." Makali aliyaona yote hayo na hakuona kitu. Mapenzi, jamani, yakikushika yanakufanya mjinga wa hiari.

Shangazi yake hakuwa mjinga. "Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu," alimwambia akifuta sufuria vumbi. "Yule binti ana mawingu."

"Shangazi, kila ninayempenda mimi kwako ana kasoro."

"Nimesema kasoro? Nimesema anaogopa. Na mtu haogopi hivyo bure."

Jumapili moja mchana Makali alijaza kikapu nyanya, vitunguu na nyama, akaenda kumpikia. Msusi alikaa chumba cha ghorofani, kwenye jengo refu lenye ngazi moja ya nje. Mlango wake ulikuwa na komeo, juu yake komeo lingine, na jingine tena jipya. Pembe ya jikoni ilikuwa safi kupita kiasi. Jiko halikuwa na doa la mafuta, sufuria ilikuwa bado na kibandiko cha dukani.

"Hebu nipe kisu nikuonyeshe mambo," Makali alisema akikunja mikono ya shati.

Msusi alibabaika. "Aa... ngoja nikaazime kwa jirani. Changu nimekiweka vibaya." Na kabla hajajibiwa alikuwa ameshatoka.

Makali alikaa kitandani. Mkono wake ukateleza kati ya godoro na ukuta, upande wa mlangoni, ukagusa mpini. Alikivuta nje. Mafuta aliyokipaka siku ya kukiuza yalikuwa yapo vilevile kwenye ubapa. Kisu kile hakijawahi kukutana na kitunguu. Na kutoka barazani akasikia sauti ya msusi kwenye simu, ya chini, ngumu, sauti asiyoijua kabisa:

"Njoo basi. Njoo! Safari hii utanikuta."

Muuza visu yeyote ana jambo moja linalomsumbua moyoni, nalo ni siku ambayo kisu chake kitamla mtu. Makali aliliogopa hilo kuliko njaa. Hakuuliza, hakungoja. Alikitumbukiza kisu kikapuni chini ya nyanya, akasema shangazi amezidiwa ghafla, akashuka ngazi. Msusi alibaki mlangoni na kisu cha jirani mkononi, anamwita, "Na chakula?"

Jioni simu ililia.

"Umechukua kisu changu."

"Nimekichukua, ndiyo. Kisu kinacholala na mtu kitandani si cha kupikia."

"Nani alikwambia nilinunua cha kupikia?"

Makali akatafuta maneno mabaya. "Unamwita nani aje? Bwana wako? Unataka kutoa roho ya mtu kwa mkono wangu?"

"Umewahi kuniona nimevaa mikono mifupi?" msusi aliuliza. Sauti haikupanda. "Hujawahi, na hukuwahi kuuliza. Mume wangu wa zamani alinivunja mkono, huu huu ninaosukia watu. Nilikwenda polisi, wakaniambia mambo ya ndani yamalizwe ndani. Nikatoroka, nikahama mji. Amenipata. Ananipigia kunieleza nimevaa nini na nimepita wapi. Nimechoka, nikamwambia aje, kwa sababu nilijua nina kitu ubavuni. Wewe umekuja ukanivua silaha."

"Mpenzi, kwa nini hukuniambia?"

"Uliona kisu, ukaona muuaji. Hukusema hata, 'unaogopa nini?'"

"Nakirudisha sasa hivi..."

"Usije. Nikisikia miguu kwenye ngazi nitajuaje ni ya nani?"

Simu ikakatika, na alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Usiku ule Makali hakulala. Asubuhi alimweleza shangazi yote, hata jengo anapokaa msusi, kisha akaenda saluni, akaambiwa msusi hajaonekana. Akarudi sokoni mbio kuchukua kile kisu alichokuwa amekificha chini ya meza, na kumwachia shangazi meza, aende kwa msusi apende asipende. Alikuta mteja anamsubiri.

Alikuwa bwana nadhifu. Shati jeupe limepigwa pasi ikakubali, viatu havina vumbi, manukato ya kistaarabu, na sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Samahani kaka, nakusumbua. Natafuta kisu cha jikoni. Kizuri, ila bei isiniumize."

"Nafunga."

"Sitakuchelewesha. Nasikia kwako mtu hukata nyanya kwanza."

Alichukua kisu mwenyewe. Nyanya aliishika kwa ncha za vidole, akaikata vipande vyembamba mno, vyote sawasawa, na muda wote huo hakuitazama. Alikuwa anamtazama Makali, anatabasamu.

"Una mkono mzuri," shangazi alisema toka kwenye masufuria yake.

"Nilikuwa nampikia mke wangu, mama. Yeye maskini hajui kupika, ni msusi, anajua nywele tu." Akakifuta kisu kwa leso. "Alinikasirikia akahama, si unajua mambo ya wanandoa. Leo naenda kumpikia tuyamalize. Nasikia naye alinunua hapa. Nipe kama chake."

Makali alitikisa kichwa. "Hakiuzwi."

"Kina mwenyewe?"

"Hakiuzwi kwako."

Laiti angekasirika! Hakukasirika. Alikirudisha kisu mahali pake, akakinyoosha kilingane na vingine, akasema, "Ahsante kwa nyanya." Kisha akavuka kwenda meza ya pili na kununua kisu cha kwanza alichopewa, bila hata kuuliza bei.

Ndipo Makali alipouona ujinga wake wote. Alimnyang'anya kisu kimoja yule aliyekihitaji, na soko zima limejaa visu.

"Unangoja nini, wewe?" shangazi alimsukuma. "Kimbia! Mimi nakuja na watu."

Alikitoa kisu cha msusi chini ya meza, akapita vichochoro vya nyuma, akapanda ngazi akihema, akagonga.

"Nani?"

"Mimi, Makali. Fungua, mpenzi, yuko njiani."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu. Kisu chako ninacho, na nimekosa, nimekukosea sana. Ukifungua sawa, usipofungua mimi nakaa hapa hapa kizingitini."

Makomeo yalifunguka moja baada ya jingine. Msusi alikuwa ameshika mkasi wa saluni, macho mekundu kwa kukesha. Makali alimpa kisu, mpini ukimwelekea yeye. "Ni chako. Sikuwa na haki." Msusi aliuweka mkasi chini, akakipokea. Kisha akamkumbatia kwa mkono uliobaki, kwa nguvu, akalia bila sauti.

Chini kukazuka vishindo na mazogo. Shangazi huyo, na nyuma yake wauza masufuria, wauza nyanya, wauza mitumba, wanahema, wanalaani magoti yao. Waliketi kwenye ngazi kuanzia chini mpaka juu, kanga zimekazwa viunoni.

Bwana nadhifu alifika bila haraka, mfuko mkononi.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," walimjibu wote. Hakuna aliyesogea.

"Naomba kupita. Nina mke wangu juu."

Msusi alitokeza kwenye ukingo wa baraza. Sauti yake ilitoka nzima.

"Huna!"

Yule bwana alimtazama kwa muda mrefu. Tabasamu halikumtoka. "Mimi sina haraka," alisema. "Nitapita siku ambayo ngazi ina nafasi." Akageuka akaenda zake, polepole, akiwapisha watoto njiani.

Wanawake waliapa kwamba kesho wanakwenda kituoni wote pamoja, waone ni askari gani atakayewaambia ni mambo ya ndani. Giza lilipoanza kuingia waliondoka, isipokuwa shangazi. Huyo alishajitwalia kitanda bila kuuliza mtu na alikuwa anakoroma.

Wale wawili walikaa sakafuni, migongo yao kwenye mlango.

"Nataka nikuoe," Makali alinong'ona.

"Usiniulize leo. Leo nikikubali nitakuwa nimekubali komeo, si mume. Niulize siku ambayo siogopi."

"Na siku hiyo isipofika?"

"Basi utazeekea hapa mlangoni."

Wakacheka, wakizibana midomo wasimwamshe shangazi. Chini kitu kiligonga lango la jengo, labda upepo. Kicheko kikakatika. Walisikiliza mpaka masikio yakauma.

"Lala kidogo," Makali alisema. "Zamu ya kwanza yangu."

"Utaniamsha kweli? Usinionee huruma ukaniacha."

"Nitakuamsha."

Msusi akalaza kichwa begani kwake, akafumba macho. Usingizi haukuja, na Makali alijua haukuja, lakini msusi hakuyafumbua.